Milango ya Kabati Iliyokwenda Bukundi

Mayu Limi, binti yangu,

Mimi baba yako nimezaliwa na bahati ambayo wenzangu wa Bariadi hii wameililia wasiipate: nina pua. Mwizi simkosi. Mtu akiingia getini kwangu na nia mbaya namnusa kabla hajamaliza salamu yake ya mwadila. Nimekuwa utingo wa malori, nimelala Manzese, nimelala Tunduma mpakani ambako hata mbuzi anatembea ameshika mfuko wake, nimefika Kampala nikarudi na viatu vyangu miguuni. Nimekaa kwenye mzani wa pamba mpaka nywele zikaanza kuniacha. Wenzangu wanalizwa, mimi nanusa. Ni bahati tu, wala sijisifu.

Nakuandikia nikiwa kwenye nyumba ya uani, karatasi nimeilaza juu ya lile kabati la jikoni, maana nyumba kubwa imejaa shangazi zako. Kuna mmoja amekaa karibu na sufuria la nyama tangu mchana na hajainuka hata kwenda kuchota maji. Namwona kwa dirisha. Mwenye hema naye amekuja na vijana wanaozungukazunguka sana kwa watu waliokuja kufunga kamba.

Kesho unaolewa, unakwenda. Ya kupika, ya kufua, ya namna ya kumwamkia mama mkwe, mama yako amekwisha kukuambia, na mengine nikiyasema mimi utacheka. Mimi nataka kukuambia habari ya kabati. Najua hutaki kuisikia. Tangu siku ile ya Bukundi unanisalimia kama mtu anavyomsalimia fundi aliyekuja kukata umeme: kwa adabu na kwa haraka. Lakini kwenye karatasi huwezi kuniondokea katikati ya maneno, labda uichane, na mama yako ameniahidi kwamba hutaichana. Naye namtilia shaka kidogo.

Nianze na hii nyumba yenyewe. Wapo wanaoiita nyumba ndogo. Mama yako hapendi jina hilo, na mimi sipendi kulala nje. Majirani walipouliza najengea nani chumba kimoja chenye choo na jiko lake peke yake, nikawaambia ni ya wageni wa kulipia, wazungu wanaotoka mbugani. Walinikubalia kwa mdomo. Wewe ulijua. Watu wa Bukundi, ukoo wa huyo Jilala wako, bado wanashika mambo ya ukwe: mkwe wa kiume halali chini ya bati moja na mama mkwe wake, hali chakula mbele ya macho yake, na akimwona njiani anakata kona hata kama ni kwenye mtama wa watu. Mimi nilijidai mtu wa dunia. Nikasema hayo yamepitwa na wakati, Kampala nimeona mtu anacheza muziki na mama mkwe wake na hakuna aliyekufa. Lakini nikajenga. Baba anayejenga jiko la pili uani ameshamkubali mkwe, hata kama mdomo wake bado unauliza maswali.

Na mdomo wangu uliuliza. Kijana anakuja kwangu, hanywi chai. Mama yako akitokea, anageukia ukuta. Nikakuuliza, "Huyu anaficha nini?"

Ukasema, "Baba, ni heshima."

Nikasema, "Heshima haigeukii ukuta. Anayegeukia ukuta anaangalia utabomoka kwa wapi."

Ulicheka siku ile. Wakati huo bado ulikuwa unacheka na mimi. Hata ng'ombe wa mahari walipoletwa niliwafungua midomo nikawakagua meno mmoja baada ya mwingine mbele ya wazee wa Bukundi, kama ofisa wa uhamiaji. Wazee walivumilia. Ng'ombe ndio walionichukia.

Basi ikaja zamu ya kabati. Fundi wa kwanza alipima ukuta kwa futikamba, akaandika kwenye kiganja, akasema atatumia mninga. Nikamwuliza nitajuaje kama ni mninga na siyo mkaratusi uliopakwa rangi. Akasema, "Mzee, wewe niamini." Mimi nikisikia neno hilo nashika mfuko. Nikamfukuza. Wa pili nilimfukuza kwa sababu alikuja na mwenzake, na kila alichosema huyu yule alikubali haraka mno. Nikasema nitajenga mwenyewe. Kabati ni nini? Ni boksi lenye mlango. Mtu aliyepanga marobota ya pamba juu ya lori yakafika Dar bila kuyumba, ashindwe na boksi?

Nikaenda kwa yule mama muuza mbao wa njia ya Maswa, yule mwenye kicheko kikubwa. Alikuwa na mafungu mawili. Akaniambia, "Baba Limi, hizi nyepesi zimekauka vizuri. Zile nzito zimeshushwa juzi, bado mbichi. Ukizijengea zitapinda."

Nikanyanyua ubao mwepesi. Ulinyanyuka kama mkate. Nikasema moyoni, aa, huyu anataka kunitupia mbao zilizoliwa na wadudu, ndani ni unga mtupu. Nikanyanyua mzito. Ukanikalia begani kama mtu mwenye akili zake. Nikachukua mzito.

"Mama," nikamwambia, "mimi ni mtu wa mzani. Uzito haunidanganyi."

Akaanza kunihesabia mbao. "Haya baba. Mzani ni wako."

Cheka hapo Limi, nakuruhusu. Nani katika Simiyu hii asiyejua kwamba maji yana uzito? Mkulima anaimwagia pamba maji alfajiri ndipo anaileta kupima. Mwingine anaficha mchanga katikati ya gunia. Kazi yangu ilikuwa kuingiza mkono mpaka kwapani, kutoa pamba ya katikati na kuibana shavuni. Ikiwa na ubaridi, ina maji. Nililijua hilo kuliko ninavyojua sala. Na zile mbao zilikuwa baridi! Nilizilaza shavuni kwa mapenzi, nikasikia ubaridi, nikasema mbao safi hizi, baridi kama sakafu ya hospitali. Hakuna aliyenidanganya. Niliambiwa ukweli, na kwa sababu ulitoka kwa mtu anayeuza, nikaukimbia.

Wewe ulinishikia upande wa pili wakati nakata, hukulalamika hata msumeno ulipokwenda upogo. Boksi likaingia vizuri chini, likakataa juu. Kumbe ukuta wenyewe unaegemea ndani. Na yule mwashi nilimsimamia kila siku asije akaniibia simenti! Niliangalia simenti, sikuangalia ukuta. Nikalichonga boksi kwa randa mpaka likakubali kwa shingo upande, likasimama limeegemea kama mlevi anayesikiliza hotuba. Nikaweka milango, na kila mlango nikautia kitasa. Hata droo ya vijiko.

Ukauliza, "Baba, hili ni jiko au benki?"

Nikakujibu kwamba wageni wanapenda sana vijiko. Funguo zote nikazifunga kiunoni, nikawa natembea nalia kama ng'ombe dume mwenye kengele.

Kiangazi kilipokaza, milango ikaanza kugeuka. Mmoja ulijikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Mwingine ulijipinda juu, mwingine chini, kama watu wa familia moja waliogombana. Ulimi wa kitasa ukawa haufiki kwenye tundu lake. Benki yote ikawa wazi. Mimi nikamshuku muuza mbao, nikavishuku vitasa, nikamshuku mama yako kwamba anamwaga maji jikoni makusudi ili niite fundi.

Jilala aliiona milango siku alipokuja mkaonane na padri. Alinifuata uani, macho chini, akasema, "Baba, niruhusu niichukue. Nyumbani tuna ghala. Tukiilaza chini ya magunia ya mahindi mpaka ikauke, itanyooka."

Nikamwambia nitafikiri. Nilichofikiri ni hiki: kwa nini mtu atoke Bukundi mpaka Bariadi kuja kusaidia milango isiyo yake?

Nikaenda Maswa kumwona rafiki yangu wa kiwanda cha pamba. Niliporudi, kabati halina milango, limebaki limeachama. Ukasimama mbele yangu ukaniambia kwa kinywa chako, "Baba, mimi ndiye niliyempa. Amekwenda kuinyoosha. Tulitaka uje uikute imekaa sawa ufurahi."

Nilikwambia, "Kumbe na wewe umo."

Niliyasema mengine, lakini hilo ndilo lililokuingia. Nililiona linavyoingia. Wewe niliyekubeba mgongoni kwa khanga siku mama yako alipolazwa, wanaume wenzangu wakinicheka sokoni, nikakwambia na wewe umo.

Kesho yake nikakodi gari, nikaenda Bukundi. Mzee Ng'wandu, baba yake Jilala, aliniamkia vizuri, akaniwekea kiti, akaagiza maziwa. Sikukaa. Nikasema nimefuata mali yangu. Akauliza mali gani. Sikumjibu, nikapita mwenyewe mpaka ghalani. Magunia ya mahindi yamepangwa mpaka juu, na chini kabisa pembe ya mlango wangu imechungulia.

Hapa ndipo pagumu, Limi, na ndiyo maana nimeandika badala ya kukuita tuzungumze. Nilifurahi. Moyo uliruka kabisa. Nilifurahi kwamba mwanaume unayempenda ni mwizi, kwa sababu ingekuwa na maana kwamba mimi sikukosea. Baba gani anafurahia hilo? Nimejiuliza, na jibu silipendi.

Nikapiga kelele, "Mwizi! Kaificha chini ya magunia!" Wanawake wa mji wakaacha kutwanga. Jilala akatoka zizini, mikono imejaa povu la dawa ya kupe. Mimi ni baba mkwe wake, kunijibu hawezi. Alisema tu, taratibu, "Baba, bado ina maji. Ukiitoa leo itarudi kujikunja."

Mzee Ng'wandu akawageukia vijana wake. "Mpeni milango yake," akasema. "Na mahindi akitaka, mpeni."

Mahindi sikuyataka. Nikapakia mwenyewe, hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia, na maziwa yangu yalibaki juu ya kigoda yameingia nzi. Njia nzima jua na upepo viliipiga ile milango nyuma ya gari. Nilipoifikisha Bariadi ilikuwa imejikunja kuliko ilivyoondoka.

Yaliyofuata unayajua. Mzee Ng'wandu akamtuma mshenga: kama sisi ni ukoo wa wezi, ng'ombe wetu warudi, kila mtu akae na watu wake. Ukajifungia chumbani. Ulikuwa ukitoka kula unanipa mgongo, na mimi nikautazama huo mgongo nikajifanya nasoma gazeti la zamani. Usichokijua ni namna mambo yalivyopona. Si mimi niliyeyaponya. Mshenga ameniambia kwamba Jilala alimwambia baba yake, "Baba, simwoi yeye. Namwoa binti yake." Mzee akacheka, na alipocheka yakaisha. Nikasikia kwamba nyumba nzima ya Bukundi ilicheka, na mimi ndiye niliyekuwa kichekesho. Nimezoea kuchekesha watu, lakini siku zote nikiwepo.

Nilipokuwa mzanini, alikuja bibi mmoja kutoka Lingeka na gunia moja. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Niliingiza mkono, pamba kavu. Sikuridhika. Nikamwamuru amwage yote chini, mbele ya foleni, na siku hiyo kulikuwa na upepo. Akamwaga. Hakukuwa na maji, hakukuwa na mchanga. Alikuwa ameishindilia vizuri tu, kwa miguu yake mwenyewe, kama mtu anayependa kazi. Nilimwacha airudishe gunini peke yake huku nyingine ikikimbia na upepo mpaka barabarani. Alipomaliza akaniambia, "Wabeja, baba." Asante! Nilidhani ananikejeli. Nikamshuku hata kwa hiyo asante.

Sasa sikuombi umwamini kila mtu. Bukundi nako watakuwepo watu wa kuangaliwa, na yule wifi yako mwenye meno ya dhahabu mimi bado sijamwelewa. Ninachoomba ni usichukue jicho langu. Umechukua masikio yangu makubwa, yanatosha. Kuna siku mumeo atachelewa kurudi kutoka mnadani. Utapiga simu, haipatikani. Akirudi atakuwa kimya, kwa sababu ng'ombe amekataliwa au kwa sababu amechoka, na wewe utasikia mkono wako unataka kuingia gunini mpaka kwapani. Ninaujua mkono huo, ni wangu. Muulize kwa mdomo. Akikujibu, ukae na jibu lake usiku mmoja kabla hujalitia mzanini. Mimi jibu lako sikukaa nalo hata muda wa kuvua viatu.

Na ukiambiwa ukweli na mtu mwenye faida yake ndani, bado ni ukweli. Muuza mbao alinifundisha hilo bure. Nilipita kwake juzi nikamwambia zimepinda. Hata hakusema, "Nilikwambia." Alicheka kicheko chake kile, akanipa kigoda, akasema, "Baba Limi, mbao hazina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Mchana huu, walipokuwa wanapakia vyombo vyako kwenye lori, nilimwomba dereva anipishe. Macho yake siyapendi, lakini alinipisha. Nimeilaza milango yote chini kabisa, chini ya godoro na masanduku yako. Usishtuke ukiikuta. Mwambie Jilala airudishe chini ya magunia, na safari hii hakuna atakayeifuata. Vitasa nimeving'oa. Matundu yamebaki, kabati linaonekana kama limeugua ndui, lakini halina pa kufungwa. Funguo nimempa mama yako akazitupe chooni, na nilisimama nje nikasikiliza mpaka zikalia.

La msamaha usimwambie wewe. Nitamwambia mimi mwenyewe kesho, mbele ya baba yake na mbele ya hao shangazi, kwa sauti ileile niliyomwitia mwizi. Ikinishinda, mama yako ana ruhusa ya kunikanyaga mguu.

Milango ikikauka, Jilala ailete mwenyewe, na wewe uje naye. Simlazimishi. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya mama yake ana haki ya kuichukia njia ya Bariadi, na wewe una haki ya kumsikiliza yeye kuliko mimi. Hilo ndilo ninaloliogopa tangu wiki iliyopita: kwamba mtakwenda na hamtarudi, na nitabaki na jiko la uani ambalo nitawapangisha kweli hao wazungu. Sitaki wazungu. Nilijenga jiko hili ili mumeo akija ale ashibe bila kujificha, alale bila kumwogopa mama yako, na asubuhi nimsikie anakohoa uani kama mtu aliye kwao. Kabati litamsubiri likiwa wazi. Panya wakila, wale.

Sasa lile nililoanza nalo. Pua sina, Limi. Utingo mwenzangu aliondoka na begi langu Tunduma baada ya mimi mwenyewe kumpa alishike. Kampala nilirudi pekupeku. Mnunuzi wa pamba aliyechezea mzani msimu mzima, mimi nikiwa nimekaa hapohapo mzanini, nilikuwa namkaribisha kila asubuhi chai na maandazi, namsimulia vichekesho, na siku alipotoweka nilimwombea safari njema. Walioniibia wote niliwapa kiti. Na wote niliowanusa, tangu yule bibi wa Lingeka mpaka mumeo, mpaka wewe, hakuna aliyekuwa na kitu mkononi. Sijawahi kumkamata mwizi hata mmoja.